Barua kutoka Shule Nyingine

Baada ya mazishi walinishauri nisikanyage shuleni. Hawakunishauri kwa ukali. Walikuja na upole mwingi, na watu wakikujia kundi zima na upole unatakiwa ujiulize, ila mimi siku zile sikuwa na akili ya kujiuliza. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akasema watoto waliobaki wakiniona watakumbuka, na wakikumbuka darasa litavurugika. Mdogo wangu, ambaye ndiye mwalimu wa darasa lao, alikaa pembeni yake akiangalia sakafu. Akaongeza kwamba hata mimi nahitaji kupumzika. Nikakubali. Hata kazi ya kushona sare za shule, niliyoifanya miaka tisa bila mtu kunirudishia sketi hata moja, walimpa fundi mwingine, eti nipumzike vizuri.

Kilima kilicho nyuma ya shule kiliporomoka asubuhi ya siku ya tatu ya mvua. Udongo uliingia darasa la tatu upande mmoja tu, upande wa ukuta, na watoto tisa hawakutoka. Binti yangu alikuwa mmoja wao. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza tangu alipojifunza neno la kwanza. Aliongea akila, aliongea akioga, na mara mbili nilimkuta anaongea usingizini na kujijibu mwenyewe. Nayasema haya mapema tuyamalize. Kisa changu si namna alivyokufa. Kisa changu ni walivyomtumia baada ya kufa, na aliyemtumia ni mtu niliyemlea kwa mikono yangu, nikamsomesha ualimu kwa cherehani hii hii.

Miezi minne nilikaa chumba cha mbele nikipunguza suruali za watu na kupinda mapazia. Watoto hawakuja. Zamani walikuwa hawakauki mlangoni: huyu anaomba vipande vya kitambaa, yule anamwita Chiriku wakacheze, mwingine anataka tu kukanyaga pedali ya cherehani nikigeuka. Sasa walipita upande wa pili wa barabara, na nikiwapungia mkono walimtazama kwanza mtu mzima aliyewashika. Nikajiambia kwamba wananiogopa. Mtoto akikuogopa bila kosa inauma kuliko mkubwa akikutukana. Niliumia na nikanyamaza, maana nilidhani msiba ndivyo ulivyo.

Mdogo wangu tu ndiye aliyekuja kila jioni. Aliosha vyombo, akanisukumia sahani mbele yangu, akasubiri mpaka nile. Mara nyingine aliniuliza mambo ya Chiriku: yule paka wa jirani alimpa jina gani, alikuwa anaficha wapi vifungo alivyoniibia, nikimwita aje ale nilikuwa nafanyaje. Nilifurahi kuulizwa. Nilisema angalau yupo mtu mmoja asiyeogopa kumtaja mwanangu mbele yangu. Nikamweleza kila kitu, mpaka vile ambavyo nilikuwa nimeanza kuvisahau.

Ilikuwa mchana mmoja, mawingu yameanza kukusanyika. Bibi mmoja wa mtaa wa juu aliingia na mjukuu wake bila hata kubisha hodi. Huyu bibi hajawahi kumsifia fundi yeyote duniani. Mjukuu wake alikuwa rafiki wa chanda na pete wa Chiriku, msichana mwembamba, mrefu, niliyempa mwenyewe jina la Sindano nilipompima sare ya kwanza. Wawili hao walipiga soga darasani mpaka mdogo wangu akawatenganisha, mmoja upande wa ukuta, mwingine upande wa dirisha. Sikuwa nimemwona Sindano kwa karibu tangu msiba. Alikuwa amekonda zaidi, kitu ambacho nisingedhani kinawezekana.

"Shikamoo, Mama Chiriku," akasema.

"Marahaba, mama. Umekua."

Bibi yake akaniwekea blauzi ya sare mezani. Alisema fundi wetu mpya anashona amefumba macho, mkono mmoja unambana mtoto na mwingine ungemtosha yeye mwenyewe bibi, na kwamba wakubwa wa shule wakikasirika kwa kumleta kwangu wakasirike, yeye umri wa kuogopa walimu umempita. Akaniachia mtoto nimpime, akavuka barabara kwenda duka la dawa kununua dawa yake ya magoti.

Nilimsimamisha Sindano karibu na dirisha, nikaanza kufumua mkono. Nilikuwa na pini nne mdomoni. Akaniacha nifumue kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Sare ya ile shule nyingine ni rangi gani?"

Nikamwinulia nyusi, maana kwa pini zile sikuweza kusema.

"Ile aliyohamia Chiriku. Nataka unishonee na mimi. Niwe nayo tayari nikihamishwa."

Zile pini ziliniokoa. Bila pini ningepiga kelele, na mtoto angekimbia, na mpaka leo nisingejua lolote. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kitambaa, nikamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba Chiriku amehama. Akanishangaa. Akasema kwani wote tisa hawakuhamishwa siku ile, kwa sababu darasa liliharibika, na Mwalimu aliwaambia, na Chiriku mwenyewe anamwandikia kila Ijumaa. Akafungua mkoba. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko bahasha kumi na nne zilizotengenezwa kwa karatasi za daftari. Akachagua moja kwa uangalifu, akanipa niisome ila nisiikunje.

Ulikuwa mwandiko wa mwanangu. Herufi zimelala kuelekea nyuma, mistari inapanda kidogo kuelekea mwisho wa ukurasa, vile vile. "Sindano wangu," iliandikwa, "huku ni kuzuri, madirisha ni makubwa. Wewe unakula? Usipokula nitajua tu. Kuna paka hapa nimempa jina la Bwana Shati kama yule wa kwetu. Jana nimesikia kitu kinagonga nikageuka, nikadhani ni mama anagonga meza kwa mkasi kuniita nikale."

Nitasema kilichonipata hata kama ni aibu. Niliamini. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu niliamini kwamba mwanangu yupo mahali fulani, amehamishwa, kuna kosa limefanyika kwenye makaratasi, na nikaanza kufikiria ni basi lipi linalokwenda huko na kama nitawahi. Halafu nikauona tena ule mstari wa mkasi. Waliojua kwamba namwita kwa kugonga mkasi ni watatu. Mmoja alikuwa amekufa, mmoja ni mimi niliyeshika barua, na wa tatu nilikuwa nimemsimulia jambo hilo mwenyewe, jikoni kwangu, huku akinioshea vyombo.

Nikakaa. Sindano akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto. Nikamuuliza kwa nini anataka kuhamishwa, na anadhani atahamishwaje.

Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayejua utaratibu wa ofisi. Waliohamishwa wote walikuwa upande wa ukuta mvua iliponyesha. Waliokuwa upande wa dirisha waliachwa. Kwa hiyo mvua ikinyesha, yeye huenda kukaa pale palipokuwa ukuta. Ameshakwenda mara mbili. Bado hawajamchukua, lakini mvua zenyewe zilikuwa ndogo.

Nilitazama nje. Wingu lilikuwa limeshika upande wote wa kilima. Kile kilima bado kina ufa juu, mtaa mzima tunaujua. Manispaa walikuja wakazungusha kamba na kibao cha hatari, wakaenda zao.

Bibi aliporudi nilimtuma Sindano uani akanywe maji. Nikamuuliza bibi, kwa sauti niliyoikaza, kama alijua habari za barua. Akasema anajua, wazazi wote wanajua. Akanitazama vizuri, na nikaona uso wake unabadilika.

"Mwanangu, si wewe uliyekubali? Mdogo wako alisimama kikaoni akasema dada yangu amesema sawa. Alisema wewe ndiye uliyetaka watoto wamkumbuke akiwa mzima mahali fulani. Ndiyo maana wafiwa wenzako wakaitikia, na sisi wengine tukanyamaza. Tukasema kama mama mwenye mtoto amekubali, sisi ni nani."

Nilimweleza tu habari za ukuta na mvua. Bibi akashika tama. Mtoto alikuwa amemwambia kwamba huwa anachelewa kwa sababu ya zamu ya kufagia. Tukakubaliana asimwachie mkono mpaka nimalizane na shule. Wakaondoka, mtoto amevaa blauzi yenye mkono mmoja uliofumuliwa, na barua zake zote amezirudisha mkobani. Hakuniachia hata moja.

Siku hizi darasa la tatu linasomea kwenye ukumbi wa mikutano mwisho wa barabara, wamegawa kwa mbao nyembamba. Masomo yalikuwa yamekwisha. Mdogo wangu alikuwa anapanga madawati peke yake. Aliponiona mlangoni alijua; sikuhitaji kutaja kitu. Dirishani palikuwa na boksi la viatu limetobolewa juu, limeandikwa BARUA kwa rangi nyekundu, na pembeni watoto wamechora ndege.

"Ni nani aliyekwambia mimi nimekubali?" nikamuuliza.

Akaweka dawati chini. "Ningekuuliza ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, dada."

Alijieleza sana, na sitasema hakuwa na lolote la maana. Alisema wiki ya kwanza mshauri wa watoto alikuja na daftari lake, akakaa siku mbili. Aliwaambia walimu waseme ukweli kwa maneno mafupi, watoto waachwe waulize na kulia, saa za kula na za kucheza zisibadilishwe, na mtu mzima asiahidi asichoweza kutimiza. Mwalimu Mkuu alimshukuru, walimu wakampigia makofi, akapanda gari akaondoka. Kesho yake mtoto mmoja aliuliza Chiriku na wenzake wako wapi. Mwalimu Mkuu alifungua kinywa, machozi yakamtangulia, na neno lililotoka lilikuwa "wamehamishwa". Watoto wakanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile walikula chakula chote. Baada ya hapo nani angethubutu kulirudisha neno lile?

Wakaanza kuandika barua wenyewe, hakuna aliyewaambia. Wiki nzima waliandika wakasubiri. Mdogo wangu akashindwa kuvumilia, akajibu ya kwanza. Walimu wa madarasa ya chini wanajua mwandiko wa kila mtoto kuliko mama yake anavyoujua; wao ndio waliowashika mkono wakaandika herufi ya kwanza. Alivuta droo akanionyesha madaftari tisa ya waliokufa, yale aliyokuwa nayo nyumbani akisahihisha. Alikuwa akiyatumia kuiga. Daftari la Chiriku mimi niliambiwa limefukiwa na udongo. Nililililia lile daftari. Kumbe lilikuwa kwenye droo, mita mia mbili kutoka kitandani kwangu, na kurasa zimechakaa kwa kufunuliwa.

"Huwa naiacha ya Chiriku ya mwisho," alisema. "Nikiimaliza ni kama anaondoka tena."

Alikuwa analia. Nilitaka kumshika, kwa sababu nimemshika akilia tangu ana miaka sita, na mkono umezoea. Sikumshika. Nilimwambia kwamba kila jioni alipokaa jikoni kwangu nilidhani nafarijiwa, kumbe nachotwa. Alinichota mwanangu kijiko kwa kijiko akaenda kumgawa, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimekatazwa hata kuwaona watoto, isije nikaharibu uongo wao. Sikuwa napumzishwa. Nilikuwa nafichwa.

Halafu nikamweleza habari za Sindano na ukuta. Alinywea. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kifuani, akasema hakujua, hakujua kabisa. Akafikiri kidogo. Akasema suluhisho ni kupunguza barua polepole: wiki hii ziende fupi, wiki ijayo zisiende, mpaka watoto wazoee na kusahau.

"Kwa hiyo mwanangu awe ndiye aliyewasahau wenzake," nikasema. "Umemnyima kifo chake, sasa unataka kumpa na sifa ya kutupa marafiki. Jumatatu utawaambia ukweli, au nitawaambia mimi."

Kabla hajajibu mvua ilianza kupiga bati. Haikuwa ndogo. Tulikuwa bado tunatazamana bibi yake Sindano alipoingia mlangoni amelowa mpaka mifupani, kandambili moja mguuni. Alikuwa amemwachia mtoto mkono dakika moja tu, aanue nguo kambani. Alipogeuka hakumkuta.

Sijui tulifikaje. Ninachokumbuka ni kamba ya manispaa, niliruka juu yake mimi na unene wangu, na matope yanayoteremka kutoka juu yamebeba kokoto. Sakafu ya darasa bado ipo nusu. Sindano alikuwa amekaa pale ukuta ulipokuwa, juu ya tofali, mgongo umenyooka, mikono juu ya mkoba, amekaa vile watoto wanavyokaa mwalimu akisema atawachagua waliokaa vizuri. Alikuwa ameufunika mkoba kwa ule mfuko wa plastiki barua zisilowe.

Nilimwita aje. Akatikisa kichwa. Alisema nikimtoa watamruka tena.

Sikujadiliana naye. Nilimbeba. Alinipiga mateke, akaning'ata bega mpaka damu ikatoka, na mimi nikazidi kwenda, mdogo wangu nyuma yangu akimwambia asiogope. Nilimshusha ndani ya kibanda cha mlinzi, ng'ambo ya barabara, mbali na kilima, nikafunga mlango kwa mguu. Mlinzi akatupisha akasimama nje mvuani na bibi, chini ya mwavuli mmoja. Ndani tukabaki watatu.

Nikapiga magoti macho yetu yawe sawa. Sikuwa nimewahi kulisema lile neno. Watu wazima wana maneno mengi ya kulizunguka, na miezi minne nilikuwa nimeyatumia yote.

"Chiriku amekufa," nikasema. "Hakuhamishwa. Hakuna shule nyingine. Kilima kilimwangukia yeye na wenzake wanane, na wote wakafa asubuhi ile ile. Mimi mama yake nilimzika. Ukikaa pale hutampata. Utakufa tu, na bibi yako atabaki peke yake. Sasa niulize chochote unachotaka. Mimi sitakudanganya."

Alinitazama. Halafu akatazama mkoba wake.

"Barua?"

Ningeweza kujibu mimi. Nilinyamaza kwa makusudi. Mvua ilipiga paa la kibanda, na mdogo wangu alisimama ameegemea mlango.

"Niliandika mimi," akasema.

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile ya dirisha?"

Mdogo wangu akaziba mdomo kwa mkono. Nikamuuliza Sindano ni barua gani hiyo. Hakutaka kusema. Akamtazama mwalimu wake amsemee, lakini nilipomtazama mimi akasema. Ile siku ya mvua paa lilikuwa linavuja upande wa ukuta, juu ya dawati lake yeye Sindano. Alikuwa analowa. Mwalimu alipotoka kwenda kutafuta ndoo, alimwomba Chiriku wabadilishane nafasi, yeye akae dirishani kidogo tu akauke. Chiriku akakubali, akahamia ukutani, anaongea njia nzima. Barua yake ya kwanza, Sindano alimwandikia kuomba msamaha, kwamba amemkalisha kwenye maji na ndiyo sababu akahamishwa. Na jibu likaja kwa mwandiko wa Chiriku: usijali, nafasi ile niliitaka mwenyewe.

"Nilikuwa naenda kumrudishia nafasi yake," akasema Sindano.

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anajua. Mwanangu alikuwa na kiti chake dirishani, kwenye uhai, na huyu alilijua jambo hilo miezi minne, akalifunga kwenye bahasha na kulipa jibu zuri. Kila jioni alinitazama nikila.

Sindano alinivuta mkono. "Ningebaki kwangu, angekuwepo?"

"Hapana, mpenzi, si hivyo, usifikirie hivyo," mdogo wangu akaanza. Nikanyoosha kiganja kumzuia. Nilikuwa nimeahidi dakika tano zilizopita, na ahadi ilikuwa imekuja kudai mapema kuliko nilivyodhani.

"Ndiyo," nikasema. "Angekuwepo. Na wewe usingekuwepo, na bibi yako ndiye angekuwa amepiga magoti hapa. Hukujua. Yeye hakujua. Uliomba nafasi kwa sababu ulikuwa unalowa, na yeye akakupa kwa sababu alikupenda. Nyie wawili mlifanya kitu cha watoto wazuri. Kilima hakikuletwa na mtu aliyebadilisha kiti."

"Umenikasirikia?"

Hapo nilitaka sana kudanganya. Nilielewa, kwa sekunde hiyo moja, jinsi Mwalimu Mkuu alivyofungua kinywa chake likatoka lile neno. Mtoto alikuwa ananitazama bila kupepesa, na midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi.

"Kidogo," nikamwambia. "Sasa hivi nimekukasirikia kidogo. Si haki, na najua si haki, kwa hiyo itapita. Wewe njoo kwangu hivyo hivyo. Njoo kesho, na kesho kutwa. Ukitaka tumwongelee Chiriku tutamwongelea, na ukitaka kulia utalia, hakuna atakayekufukuza."

Akalia hapo hapo. Hazikuwa kwikwi za kujificha; alilia kwa sauti ya kufungua mapafu, mpaka bibi yake akasukuma mlango, akaingia, akamzungushia kitenge. Mimi nilimshika mabega. Nililia pia, na sikumwonea mtu haya.

Mvua ilipopungua mdogo wangu alisema hatasubiri Jumatatu, kesho asubuhi atawaambia watoto wote, na akaniomba nisimame naye mbele ya darasa. Nikamwambia nitakuja kwa ajili ya watoto. Nikamwambia pia anirudishie daftari la mwanangu, na jioni asije kuosha vyombo. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanyoosha mkono amguse Sindano kichwani, kama alivyozoea kuwafanyia wanafunzi wake wakitoka darasani. Sindano aliusukuma ule mkono, akageukia upande wangu, na mimi sikumwambia kwamba mwalimu hafanyiwi hivyo.